Fundi Anajibu: Dai ya saizi gani kwa vichwa vya risasi vyenye rangi ya pauda?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nina leseni na kibali cha kujitengenezea risasi za kulengea shabaha, natumia bastola ya 9mm. Nimeanza kumimina vichwa mwenyewe na kuvipaka rangi ya pauda (rangi ya unga inayookwa mpaka iwe ngozi) badala ya kuvipaka grisi. Kalibu yangu inatoa vichwa vya inchi 0.356, nikishapaka na kuoka vinakuwa 0.358 na vingine 0.359. Sasa nataka kununua dai ya saizi (tundu la chuma la kubania kichwa kifikie kipimo), kuna ya 355, 356, 357 na 358 (yaani inchi 0.355 hadi 0.358). Mwenzangu ananiambia chukua 355 kwa sababu vichwa vya kiwandani vya 9mm ni 355, mwingine anasema 356 inatosha kwa kila bastola. Nimfuate nani?
Msomaji wa 9mm

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Usimfuate yeyote kati ya hao wawili, fuata mtutu wako, maana hao wote wamekutajia namba na hakuna hata mmoja aliyeuliza ndani ya bastola yako kuna nafasi kiasi gani.

Huyo wa 355 anachanganya vitu viwili. Kichwa cha kiwandani kina jaketi la shaba, kigumu, kinaingia kwenye mtutu kwa presha kubwa na kinajaza mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu hata kikiwa sawasawa na kipimo cha mtutu. Kichwa chako ni madini ya risasi matupu yenye ngozi nyembamba ya plastiki juu yake, hicho kinatakiwa kiwe kikubwa kuliko mifereji kwa thau moja hadi mbili (thau moja ni inchi 0.001, kwa milimita ni 0.025 hivi), ndo kizibe vizuri. Kikiwa kidogo gesi ya moto inapenya pembeni, inakula rangi, inayeyusha risasi inaipaka kwenye mtutu, na kichwa kinatoka kinayumba mpaka unakuta karatasi ya shabaha ina matundu ya ubavu badala ya duara. Watu wengi wakiona hivyo wanalaumu rangi au wanaenda kutafuta risasi ngumu zaidi, kumbe shida ni kipimo tu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, pima mtutu. Hakikisha bastola haina kitu kabisa, toa mtutu nje, upake mafuta mepesi ndani, chukua kipande cha risasi laini isiyochanganywa na kitu (hata chubwi la kuvulia samaki linafaa likiwa laini) kiwe kinene kidogo kuliko tundu, kigonge taratibu kiingie kisha kisukume kwa kijiti cha mbao ngumu au shaba hadi kitoke upande wa pili. Usitumie chuma. Kikitoka kitakuwa na alama za matuta na mifereji, we unapima pale palipo pana zaidi, hiyo ndiyo mifereji. Na upime kwa maikromita, sio kalipa, kalipa inaweza kukudanganya thau nzima na hapa thau nzima ndo tunayoigombania. Mitutu ya 9mm inatofautiana sana, utakuta mmoja una 355 mwingine 356 na wapo wenye 357 kabisa, ndo maana ile kauli ya 356 kwa kila bastola siipendi, kwa mtutu wa 355 ni sawa lakini kwa wa 356 umeshabaki bila akiba yoyote.

Tuseme umepima ukapata 0.3555. Hapo mi ningechukua dai ya 357. Vichwa vyako vilivyookwa ni 358 na 359, dai itatoa thau moja au mbili tu, rangi haitasumbuka, na kichwa kitabaki na ziada ya thau moja na nusu. Ukipata 355 kamili basi 356 inafaa, ila na 357 ijaribu kama chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa) inaikubali.

Na hapo kwenye chemba ndo kuna mtego mwingine. Bastola zingine zina koo fupi na la kubana mbele ya chemba, kichwa kinene kinagusa mapema na risasi haikai. Tengeneza risasi moja ya majaribio isiyo na baruti wala fataki (kiwashio cha baruti), idondoshe kwenye mtutu uliotolewa, inatakiwa iingie yenyewe kwa mlio, uizungushe kwa kidole izunguke, ukigeuza mtutu ianguke yenyewe. Ikigoma, jaribu kwanza kuketisha kichwa ndani ya ganda zaidi kidogo, ila kumbuka ukizamisha kichwa nafasi ya baruti inapungua na presha inapanda, kwa hiyo shuka kwenye kipimo cha kuanzia cha kitabu cha vipimo upande pole pole. Usilazimishe slaidi (ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza) ifunge.

Kitu kingine, ukishanunua dai ya 357 usiamini namba iliyochongwa juu yake. Pitisha vichwa vichache, pima kinachotoka. Risasi yenye antimoni (madini yanayochanganywa kuifanya iwe ngumu) inarudi nyuma kidogo kama springi baada ya kubanwa, risasi laini hairudi sana, kwa hiyo dai ileile inaweza kukupa vipimo viwili kwa michanganyiko miwili tofauti. Dai ikitoa ndogo kuliko unavyotaka unaweza kuipanua, unazungushia msasa laini sana kwenye kijiti cha mbao chenye mpasuo, unakizungusha ndani kwa drili, unapitisha kichwa unapima, unarudia. Ukishapanua hakuna kurudisha, kwa hiyo ukiwa njia panda kati ya saizi mbili nunua ile ndogo.


SWALI: Fundi, nilinunua kalibu ya 358 kwa sababu bei ilikuwa nzuri, nikapaka rangi vikawa 361, nikavipitisha kwenye dai ya 356 ya 9mm. Mkono wa presi (mashine ya mkono ya kusukumia vichwa kwenye dai) unagoma, rangi inachunika upande mmoja na vichwa vingine vinatoka virefu. Pauda mbovu au dai mbovu?
Msomaji wa kalibu ya 358

JIBU: Sidhani kama kuna kibovu hapo ndugu, unachofanya ni kutoa thau tano kwa mpigo mmoja na hiyo ni nyingi mno. Risasi haipotei, ikibanwa inakimbilia mbele na nyuma, ndo maana kichwa kinarefuka na ile mifereji ya grisi iliyo ubavuni mwa kichwa inajifunga, na rangi inakwanguliwa pale kichwa kilipoingia kimepinda kidogo.

Gawanya kazi. Vipitishe kwanza vikiwa vitupu, bila rangi, kwenye dai ya 356, kwa kilainishi kidogo sana kwa sababu risasi kavu inajipaka kwenye kuta za dai. Halafu, na hapa wengi wanaruka, visafishe mafuta yote kwa asetoni vikauke kabisa, pauda haishiki kwenye mafuta, utapata mabaka. Epuka kushika kwa mkono mtupu baada ya hapo. Paka, oka kwa nyuzi 200 za selsiasi kwa dakika 20 au kama pakiti ya pauda inavyosema, na dakika unazihesabu vichwa vikishapata moto, sio pale ulipofunga mlango wa oveni. Vitatoka kama 358 au 359 hivi, sasa dai ya mwisho ya 357 au 356 kulingana na mtutu inatoa kidogo tu na mkono unateleza. Kwenye hatua hii ya mwisho huhitaji kilainishi, rangi yenyewe inateleza.

Kabla hujapitisha lundo lote chukua kimoja ukiweke juu ya chuma ukipige nyundo kilale bapa. Rangi inatakiwa ilale nacho bila kupukutika. Ikipasuka ikaruka vipande, uokaji haujaiva au kichwa kilikuwa kichafu, na hapo hakuna dai itakayokuokoa. Kingine kisugue kwa kitambaa chenye asetoni, kama rangi inakuja nyingi kwenye kitambaa rudisha vyote kwenye oveni.

Na usivilaze wiki nzima ndo uje kuvipitisha, hasa kama unavimwaga kwenye maji ya baridi vikitoka kwenye oveni. Vyenye antimoni vinaendelea kuwa vigumu kadiri siku zinavyokwenda. Vipitishe siku ileile vikishapoa.

Aina ya dai pia inachangia. Zile za kusukuma, ambazo kichwa kinasimama juu ya pini kwenye presi na kinasukumwa kutokea chini kikitanguliza ncha, ndo ninazozipendekeza kwa rangi ya pauda. Mashine za zamani za kupaka grisi na kupima saizi kwa pamoja zinafanya kazi, lakini grisi yake huihitaji, na kama ile pini ya juu haifanani na umbo la ncha yako itaiponda.


SWALI: Mimi ni wa 9mm pia, dai yangu ni 357 na vichwa vinatoka 357 kamili, nimepima, mtutu ni 3555, lakini bado madini ya risasi yanaganda ndani ya mtutu. Sielewi.
Msomaji aliyechoka kusugua mtutu

JIBU: Ung'oe kichwa kimoja kwenye risasi iliyokwisha kuundwa ukipime tena. Nina hakika kubwa utakuta 355. Ganda la 9mm linanenepa ukutani kadiri unavyoshuka chini, na ile dai ya kutanua mdomo wa ganda imetengenezwa kwa vichwa vya jaketi vya 355, kwa hiyo ganda linakikamua kichwa chako laini wakati unakiketisha. Kama tena unamalizia na dai ya kukrimpu (kubana mdomo wa ganda) yenye ringi ya kabaidi (chuma kigumu sana), inabana risasi nzima kwa mara ya pili. Tafuta kipanuzi kinene kinachofaa vichwa vya kumimina, kiingie ndani kiasi cha kichwa kinapoishia, na krimpu iwe ya kuondoa ule mdomo uliotanuliwa tu, isizidi hapo. Dai yako ya saizi usiiguse, haina kosa.


SWALI: Fundi kwa rivolva ya 38/357 nichukue ngapi? Na je naweza kutumia oveni ya jikoni kwa sababu ni ya umeme na ina kipimajoto kizuri?
Msomaji wa rivolva

JIBU: Rivolva anza na silinda, sio mtutu. Vichwa vilivyopita kwenye dai vipitishe kwenye matundu ya mbele ya silinda tupu, kila tundu. Kichwa kinatakiwa kipite kwa kusukumwa kidogo na penseli. Kikidondoka chenyewe ni kidogo, kikigoma kabisa ni kikubwa. Mara nyingi jibu ni 358. Kisha linganisha na mtutu, na kama matundu ya silinda ni madogo kuliko mifereji ya mtutu basi usinunue dai nyingine, mpelekee fundi bunduki mwenye kibali ayapanue, maana silinda itakuwa inakikamua kichwa kabla hakijafika kwenye mtutu. Angalia pia idadi ya mifereji, rivolva nyingi zina mitano na maikromita ya kawaida haiwezi kuipima sawasawa kwa sababu kila mfereji unatazamana na tuta, hapo tegemea zaidi kile kipimo cha silinda.

Oveni ya jikoni hapana. Nakuomba kabisa. Oveni iliyookea vichwa vya risasi isiokewe chakula tena maisha yake yote, tafuta ndogo ya pembeni, iweke sehemu yenye hewa, nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika kitu cha kula na watoto wasiisogelee.