Shorumu ya fanicha Lamu: anza na njia ya mzigo

Anayetaka kufungua shorumu ya fanicha Lamu huuliza kwanza ni watu wangapi wanapita mahali fulani. Hilo ni swali la muuza mkate. Wewe unauza kitanda cha mvule, kasha la njumu au mlango wa nakshi ambao mteja ataununua mara moja, na akifa ataurithisha. Unachotaka ni watu wachache wasimame, waingie, wakae, na wakishalipa, mzigo ufike kwenye maji bila kukwaruzwa. Hilo la mwisho ndilo wengi hawalipigii hesabu, na kwetu ndilo linaloamua mengine yote, kwa kuwa katika mji wa kale hakuna lori litakalokuja kusimama mlangoni pako.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kodi, tafuta fito yenye urefu wa kitu chako kikubwa kuliko vyote. Ukiuza milango, futi nane hivi. Ukiuza makabati, funga na fito ya pili kwa upana. Ibebe tangu mlango wa duka unalolitaka mpaka gatini, kwa njia ile ile ambayo hamali atapita. Mkomani, mtaa wa mji wa kale, kuna nyumba nzuri ajabu ambazo uchochoro wake unatosha mtu na punda tu, na punda akiwa na shogi, yaani mifuko ya mzigo mgongoni, wewe ujibane ukutani. Kona moja ya pembe mraba inatosha kukuharibia. Fito ikikwama hapo, kabati nalo litakwama, na siku hiyo mteja atakuwa nyuma yako akitazama hamali wakiligeuza kichwa chini, wakilirudisha, wakilijaribu kwa ubavu, varnishi ikibaki kwenye ukuta wa jirani. Tazama na juu: pale penye wikio, nyumba mbili zimeunganishwa juu ya njia, boriti ziko chini kuliko mtu anavyodhani akiwa amebeba mikono mitupu.

Halafu hesabu mara ngapi mzigo utanyanyuliwa. Dukani hadi kwenye mkokoteni au mabegani. Mkokoteni hadi gatini. Gatini hadi kwenye boti. Boti hadi Mokowe, gati la upande wa bara, ambako unateremshwa tena na kupakiwa kwenye lori la Malindi, Mombasa au Nairobi. Lami ya Garsen, Witu hadi Mokowe imerahisisha sana safari ya bara, lakini kipande cha kisiwani ni kile kile cha mababu. Kila anayenyanyua analipwa, na kila anayenyanyua anaweza kukwaruza. Duka la ndani kabisa linakuongezea mikono miwili mitatu ambayo bei yako haikuihesabu.

Na kuna maji yenyewe. Yakipwa, boti inakuwa chini kabisa, na ngazi za gati zina utelezi wa mwani. Kasha la mvule likishuka pale linashuka kwa dua. Yakijaa, ukingo wa boti unakaribia usawa wa gati na watu wawili wanafanya kazi ya wanne. Mwenye duka karibu na maji hungoja mzigo ukiwa ndani, kivulini, mpaka nahodha aite. Wa mbali inabidi autoe mapema, akauweke juani kando ya njia, watoto waupande.

Ukisikia hivyo utataka kukimbilia nyumba za mbele zinazotazama bahari. Ngoja kidogo. Mbele ya maji mji wetu unaelekea mashariki, upande wa kisiwa cha Manda, na jua la asubuhi linaingia dukani moja kwa moja. Mbao iliyokaushwa haraka itafunguka kwenye maungio, na rangi ya upande mmoja wa kiti itapauka kuliko wa pili. Hewa ya chumvi inakula bawaba na misumari ya chuma; pale mbele usitumie ila shaba. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, hasa upepo ukiwa mkali, maji yanaruka ukingo. Waulize majirani yalifika wapi, wakuonyeshe kwa kidole ukutani, usikubali jibu la "hapa hayafiki". Kando ya maji unalipia mandhari, chumvi unapewa bure.

Mimi napendelea safu ya pili: vichochoro vifupi vinavyotoka mbele ya maji kwenda Njia Kuu, ile wazee wanayoiita Usita wa Mui. Ukiwa hatua kumi au ishirini ndani, mtu anayetembea ufukweni akigeuza shingo anaona mlango wako, jua limeshazuiwa na nyumba ya mbele, na hamali wako ana njia iliyonyooka mpaka gatini. Kodi nayo, kwa mwendo huo mfupi, hupungua zaidi ya utakavyotarajia.

Mkunguni, mbele ya ngome, ndipo wageni wa biashara wanapopaonea uchu zaidi. Watu ni wengi kweli. Lakini simama pale asubuhi utazame mikono yao. Soko liko ubavuni mwa ngome, kwa hiyo huyu ana mfuko wa samaki, yule ana nyanya na nazi, mwingine kambeba mtoto na mboga. Mwenye mfuko wa changu unaochuruzika haingii kukalia kiti chenye mto wa hariri, na wewe mwenyewe hutaki aingie. Pale ni pazuri kwa kuuza simu, kanga na viatu. Kwa fanicha utalipia umati usio wako. Ukichunguza mahali popote, chunguza hivyo, yaani watu wanapita saa ngapi, mikono yao ina nini, na mwendo wao ni wa mwenye haraka au wa anayepunga upepo. Nenda asubuhi, nenda baada ya alasiri, nenda baada ya isha, na Ijumaa iwe mojawapo ya siku hizo.

Lililo zito zaidi ni hili: unamuuzia nani? Wanunuzi wetu ni wa aina mbili kubwa, na hawapiti njia moja.

Mgeni wa hoteli anatembea jioni, anachungulia, anasema atarudi, na mara nyingi harudi ila siku ya kuondoka, ana saa moja kabla ya boti ya kwenda uwanja wa ndege Manda. Huyo lazima akuone mara mbili bila kukutafuta. Hawezi kubeba kitanda. Ndege ndogo zinabana uzito. Weka mbele vitu vya mkononi, fremu za vioo, visanduku, vibao vya nakshi, na kitanda kikae nyuma kama ushahidi wa kazi yako. Wengine wataagiza kikubwa wakishafika kwao, kwa picha ulizowatumia, kwa hiyo hakikisha duka lina ukuta mmoja mweupe wenye mwanga wa kutosha kupigia picha.

Mama wa bibi harusi ni mambo mengine. Haji peke yake. Anakuja na dada yake, na shangazi mmoja mwenye maneno, baada ya alasiri, na hawana haraka. Watafungua kila mtoto wa kabati, watampapasa kwa ndani, watainama kutazama uvungu wa kitanda kama umepigwa randa au umefichwa tu. Shangazi atauliza, "Mwanangu, hii ni mvule kweli au umepaka rangi?" Wataondoka. Watarudi na mjomba wa kujadili bei. Sasa fikiria mlango wako unatazamana na baraza la wanaume wanaocheza bao na kunywa kahawa. Wale akina mama hawatapita katikati ya macho yale mara mbili tatu kwa ajili ya kabati. Watakwenda kwa fundi mwingine aliye kwenye kichochoro kilichotulia, hata kama kazi yake ni duni kuliko yako. Nimeona maduka yenye kodi kubwa yakikosa harusi zote za mji kwa sababu ya baraza moja, na mwenyewe akilaumu uchumi. Baraza halihamishwi, lilikuwepo kabla yako. Likiwa hapo na wateja wako ni wa harusi, tafuta pengine, au tafuta nyumba yenye mlango wa pili wa nyuma.

Ukishapenda mahali, ingia ndani na futi ya kupimia. Nyumba za kale za matumbawe zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na boriti hazivuki upana mkubwa. Vyumba vingi ni virefu lakini havifiki mita tatu kwa upana. Kitanda cha sita kwa sita kinachukua karibu mita 1.8. Kinachobaki ni njia ya kupita kwa ubavu, na mteja hawezi kurudi nyuma akaona kichwa cha kitanda ulichokichonga miezi miwili. Kitanda hakionekani kwa kusimama juu yake. Kwa hiyo ama upange kwa urefu wa chumba, kitu kimoja kimoja, mteja akitembea kama anasoma, ama utafute nyumba yenye kiwanda cha ndani, yaani ua ulio wazi juu, na vitanda ukavitoe huko panapopitisha mwanga, na turubai ya mvua iwe tayari.

Usifikirie kubomoa ukuta. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mabadiliko ya jengo hupitia kwa watu wa Makumbusho ya Taifa. Dirisha kubwa la kioo kama la Nairobi hutaruhusiwa, na kusema kweli lingeonekana kituko. Waendee mapema, kabla ya kulipa, uwaambie unataka kufanya nini. Na ukikuta ukuta wa matumbawe umepigwa plasta ya saruji, gusa chini karibu na sakafu: ukiwa na unyevu na chumvi inayochanua, fanicha yako itakaa mbali na ukuta au haitakaa. Chokaa hupumua, saruji huuzuia unyevu ndani.

Shela, kijiji jirani kisiwani humu, nayo inavutia, kwa kuwa wageni wengi wenye pesa wanatoka uwanja wa ndege Manda kwa boti moja kwa moja hadi huko na mjini huja kutembea tu. Lakini kuanza na duka Shela ni kamari. Kusi, upepo wa kusini, ikishika na mvua za Aprili hadi Juni zikianza, hoteli kadhaa hufunga, na wewe kodi haifungi. Njia ya bei rahisi ni kuongea na mwenye hoteli akuwekee viti viwili barazani, vyenye kibao kidogo cha jina na namba. Mgeni anakalia kiti wiki nzima. Hakuna shorumu inayomfanya mteja akae juu ya bidhaa kwa muda huo.

Na kama wateja wako ni wajenzi wa majumba ya kifahari, wenye pikapu na mafundi wao, basi karakana ibaki Lamu na shorumu iende Malindi, kando ya Barabara ya Lamu au karibu nayo, mahali gari linaweza kuegeshwa mlangoni. Huko kanuni zinageuka: fito yako haina kazi, unatafuta maegesho na upande wa barabara ambao mtu akirudi nyumbani anaweza kuingia bila kukatiza magari.

Kodi pima kwa mwezi wa Mei, usiipime kwa Desemba. Jiulize ukiuza kiti kimoja tu mwezi huo utalipa au utakopa. Na usikague duka wiki ya Maulidi. Mfungo sita, mwezi wa Maulidi, watu hufika kutoka pande zote za Afrika Mashariki kwa ajili ya sherehe za msikiti wa Riyadha, mtaa wa Langoni haupitiki, na kila mwenye nyumba anajua kuwa hiyo ndiyo wiki ya kuonyesha duka lake. Ramadhani nayo itakudanganya kinyume: mchana kimya, lakini baada ya tarawehi ndipo watu wanapotembea kununua vya Idi.

Nyumba nyingi mjini ni za urithi. Anayekuonyesha funguo anaweza kuwa mmoja kati ya ndugu saba, na wawili wako Mombasa na mmoja yuko Ughaibuni. Taka majina yao wote na sahihi zao, au barua inayompa mmoja mamlaka. Ikiwa ni wakfu, mtafute msimamizi wake, usimalizane na mpangaji anayetoka hata akikutajia gudwili, yaani pesa ya kukuachia duka, iliyo nafuu. Sheria ya Kenya, Sura ya 301, inamlinda mpangaji wa duka ambaye hana mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano: mwenye nyumba akitaka kumtoa au kupandisha kodi, lazima ampe notisi kwa fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili, na mpangaji anaweza kupeleka shauri mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Wengi hawalijui hili, wakapakia vitu vyao usiku kwa sababu mtu alipaza sauti.

Jambo dogo la mwisho kwenye mkataba, kwa wachongaji hasa. Mwaka wa kwanza utatamani kuutoa mlango wa kawaida na kuweka wako wa nakshi, maana hakuna tangazo bora kuliko hilo. Pata ruhusa, kisha iandikwe wazi kuwa mlango huo ni mali yako na utaondoka nao. Ule wa zamani uufunge gunia, uuweke juu ya matofali mchwa wasiufikie, na mwenye nyumba aonyeshwe ulipo.