Kumtuliza mtoto mwenye hasira kwa zoezi la pumzi

Dada, nimekuelewa: mwanao wa miaka 5 akinyang'anywa simu hulia mpaka akajitupa chini, na ukimwambia avute pumzi ndipo anapozidisha kelele. Hilo halinishangazi, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kupandwa na hasira hafundishiki. Zoezi hili hufundishwa akiwa ametulia, kwa mfano kabla ya kulala, ili siku ya kishindo mwili wake uwe umelizoea.

Mlaze chali mkekani, umwekee mwanasesere tumboni, kisha mwambie ampandishe kwa kuvuta pumzi puani na kumteremsha kwa kuitoa mdomoni, kama anayepoza uji wa moto. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, tuseme hesabu ya 3 kwa 5, kwani ni kutoa taratibu ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Mara 5 zinatosha. Akiharakisha anaweza kushikwa na kizunguzungu. Usimlazimishe kubana pumzi, wala usiligeuze zoezi kuwa adhabu. Hasira ikimpanda, keti karibu naye upumue hivyo wewe mwenyewe bila maneno mengi, jambo ambalo ni gumu, hasa mbele ya wageni. Simu yenyewe usimrudishie ili anyamaze, maana atajifunza kuwa kilio ndicho kinacholipa.

Ikiwa hulia hadi akazimia au midomo ikabadilika rangi, ikiwa kifua chake hutoa mluzi, au ikiwa hujiumiza, mpeleke kwa daktari wa watoto badala ya kutegemea zoezi hili.