Swali la lugha: Mwenyewe anajiita kilema, mimi nikimwita hivyo nimekosea?

Msomaji wetu wa Uyole, Mbeya, kaandika: "Shikamoo mwalimu. Kwenye kikoba chetu kuna kaka anatumia kiti cha magurudumu, mcheshi balaa, akifika anatangaza mwenyewe 'pisheni, kilema wenu kafika, tena nimekuja na kiti changu, nyie mtasimama'. Tunacheka wote. Juzi hakuja, nikasema 'leo kilema wetu kakosa', mama mwenyekiti kanishukia kama mwewe, eti hilo ni tusi, sema mtu mwenye ulemavu. Halafu huyohuyo kwenye tangazo la sherehe ya kugawana kaandika 'walemavu na watu wazima wote mnakaribishwa'. Nani kakosea?"

Marahaba mdogo wangu, na kamwene kutoka huku Iringa. Mmekosea wote wawili, ila mwenyekiti kazidi, ntafika huko.

Kuna maneno yanazunguka kwamba kilema ni neno baya kwa sababu ya ile ki-, eti inamfanya mtu kitu. Hapana bana. Kiongozi ana ki-, kijana anayo, kinyozi na kiranja wanayo, na sijasikia kiongozi akilalamika. Umbo ni la KI-VI lakini upatanisho ni wa A-WA, kiziwi amefika, vipofu wameimba, ukisikia mtu anasema "kiziwi kimefika" hapo ndo tusi lilipo na ni la makusudi kabisa. Shida ya kilema iko kwingine: ni jina la kasoro yenyewe, si tunasema ana kilema cha mguu? Sasa ukimwita mtu hivyo umechukua mguu ukaufanya ndo mtu mzima mzima, biashara yake, ukoo wake na besi anayopiga kwaya vyote umefuta.

Mlemavu ni afadhali, linatoka kwenye kulemaa, na wenyewe wamelitumia, CHAWATA ni Chama cha Walemavu Tanzania. Ila sheria ya 2010 inaitwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu na shirikisho lao, SHIVYAWATA (Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu Tanzania), linasema hivyohivyo, kwa hiyo kwenye barua na vikao fuata hilo. Tafadhali tu usiandike "mtu mwenye mlemavu", naliona kila siku, maana yake huyo mtu anamiliki mlemavu.

Wala usidhani kila neno la zamani ni la kutupwa. Viziwi wanajiita viziwi, chama chao ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, hawahitaji umzungushe mtu na "mwenye changamoto za usikivu" mpaka chai ipoe. Wasilolitaka ni bubu, na wana haki yao, we nenda mgahawa wa Neema Crafts hapa Iringa uone wahudumu viziwi wanavyopiga stori kwa mikono, unaandika oda yako kwenye karatasi unakaa, na pale asiyejua lugha ni wewe.

Wahenga walisema ukipenda chongo utaita kengeza, na siku hizi kengeza zimekuwa nyingi. "Mwenye mahitaji maalumu" kwa shuleni sawa, mwanafunzi asiyeona anahitaji kitabu cha nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, linaeleweka. Lakini huyo kaka wa kikoba mahitaji yake maalumu ni yapi? Mkopo, riba nafuu na mlango usio na ngazi.

Tuje kwenye utani. Angalia nafsi. Akisema "kilema wenu kafika" anajisema mwenyewe, tena anawawahi kabla hamjaanza kumpa pole ambazo hajaomba. We ukasema hayupo! Utani wetu huku una sheria zake, unamtania mtu aliyepo na anayeweza kukurudishia, sisi Wahehe tunataniwa eti tunakula mbwa miaka nenda rudi lakini tunataniwa usoni na tunajibu. Akikuruhusu mtanie kwa alichokianzisha yeye, lile la kiti kwa mfano, jina la kilema mwachie mwenyewe.

Na mwenyekiti sasa. "Walemavu na watu wazima", hivi kaka wa watu bado mtoto? Mtu mzima ni aliyevuka utotoni, na mzima peke yake kinyume chake ni mgonjwa au marehemu. Kuna mzee mmoja wa huku aliulizwa kwenye kujiandikisha "wewe mlemavu au mzima?", akajibu "andika mzima, ningekufa nisingepanga foleni". Mwambie mama aandike "wote mnakaribishwa" basi, na akitaka neno kubwa aseme sherehe jumuishi, siyo "jumuhishi", hiyo h haina kazi pale. Halafu chini aongeze ukumbi una ngazi ngapi, manake hilo ndo kaka atalisoma kwanza.