Maswali kwa fundi: transista, amplifaya na mrejesho

Transista ndogo hivi inatoa wapi nguvu ya kukuza sauti?

Haina nguvu yake. Yote ni ya betri. Transista ina miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Mkondo mdogo unaoingia kwenye besi unatawala mkondo mkubwa unaopita kati ya kolekta na emita, basi.

Nimetoa transista ya BC547 nikaweka BC547 nyingine, sauti ikaanza kukwaruza. Nimeuziwa feki?

Si lazima. Transista za namba hiyo zinaweza kukuza mkondo mara 110 au hata 800, na joto nalo huzibadilisha. Tazama sakiti yako: nahisi besi ina rezista moja tu kutoka chanya, na emita imeshikizwa graundi moja kwa moja. Mchoro wa aina hiyo unategemea bahati. Weka rezista mbili za kugawa volti kwenye besi, na rezista ya omu 1,000 kwenye emita. Mkondo ukitaka kupanda, volti ya emita hupanda pia, tofauti yake na besi hupungua, na transista hujibana yenyewe. Huo ndio mrejesho hasi: kinachotoka hurudi kupinga kinachoingia.

Nimeweka rezista ya emita, sasa sauti ni ndogo mno!

Kolekta ikiwa na rezista ya omu 4,700, ukuzaji ni kama mara 4.7: gawanya ya kolekta kwa ya emita. Ukiweka kapasita sambamba na rezista yote ya emita, sauti hupita kwenye kapasita na kuiruka rezista; kwa mkondo wa miliampea 1 zinabaki kama omu 26 za ndani ya transista, nawe utafika karibu mara 180, ila mkwaruzo utarudi. Mimi huigawa: omu 100 bila kapasita, kisha omu 910 yenye kapasita. Hapo, pamoja na zile omu 26 za ndani, unapata kama mara 37, na sauti inabaki safi.

Mantiki iko wapi, kukuza halafu kupunguza?

Hata ofisi ya hataza ya Marekani ilisita. Harold Black, mhandisi wa Bell Labs, alipata wazo hili mwaka 1927 akiwa kwenye kivuko cha mto Hudson. Aliomba hataza mwaka 1928, akaipata 1937. Shida yake ilikuwa simu za masafa marefu: amplifaya nyingi za vali (taa za kioo zilizotumika kabla ya transista) zilifuatana njiani, na kila moja iliongeza uchafu wake.

Piga hesabu. Amplifaya inakuza mara 1,000. Rudisha sehemu moja ya ishirini ya kinachotoka, ikipingana na kinachoingia. Unabaki na mara 19.6: 1,000 gawanya kwa 51, yaani 1 jumlisha 1,000 ÷ 20. Sasa joto liipunguze hadi 500: unapata 19.2. Nusu ya ukuzaji wa amplifaya imepotea na msikilizaji hajui. Ukuzaji ni rahisi kununua, uthabiti ni ghali.

Maiki ya ukumbini inapiga mluzi. Nibadilishe amplifaya?

Usitupe pesa. Sauti ya spika inaingia tena kwenye maiki ikiongeza iliyopo: mrejesho chanya. Spika zikae mbele ya maiki zikielekea watu, na msemaji aisogelee maiki ili upunguze volyumu.