Mhandisi wa maji anataka ubunge

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mhandisi wa maji, visima vingi vya jimbo letu nimevisimamia mwenyewe. Wazee wananisukuma nigombee ubunge. Mke wangu anasema sisi watu wa mahesabu siasa hatuiwezi, nitagombana na watu mkutano wa kwanza tu. Wasemaje?
Fundi Maji, Singida

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza weka vyeti kabatini. Ibara ya 67 ya Katiba inataka uwe raia, umri miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na chama kikupendekeze. Uhandisi haumo.

Wala usomi haukuambii mtu atakuwa kiongozi wa namna gani. Hayati Magufuli na Angela Merkel wa Ujerumani wote walikuwa na udaktari wa kemia. Ikaja korona. Aprili 2020 Merkel aliwapigia wananchi hesabu: kila mgonjwa akiambukiza watu 1.1, hospitali zitaelemewa Oktoba, ikifika 1.2, Julai, 1.3, Juni. Mei hiyo iliyofuata, Magufuli akatuambia papai na mbuzi wamepimwa wakakutwa na korona, kwa hiyo maabara ina walakini. Kemia ileile! Na huyu ndiye aliyekuwa akitaja kilomita za barabara bila karatasi, tukampigia makofi.

Hofu ya mkeo lakini naielewa. Nilipokuwa diwani, mhandisi alikuja kijijini na ripoti yake: maji yapo upande wa magharibi. Vitongoji viwili, fedha ya kisima kimoja. Mama mmoja akanyanyuka: "Na sisi wa mashariki tutakunywa ripoti?" Yule kijana akazisoma namba zilezile upya, kwa sauti kubwa zaidi. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Namba zake zilikuwa sahihi, sibishi. Ila yule mama hakuuliza maji yako wapi. Alitaka kujua bomba litafika kwao lini, na nani ataamua wasubiri. Hata "mwaka huu hapana" angeipokea, kwa kelele kidogo.

Basi nenda kijiji ambacho pampu uliyoifunga imekufa. Kaa mkutanoni wakuseme mpaka wamalize, ripoti iache kwenye gari. Mkeo awepo. Mkitoka, muulize yeye kama uchukue fomu. Mambo ya kura za maoni ndani ya chama niandikie barua nyingine, hayo yana hesabu zake na hazifundishwi chuoni.