Mazoezi ya kikundi kwa mama wa miaka 70
Ndugu, umeuliza kama mama yako wa miaka 70 atanufaika akijiunga na kikundi cha mazoezi, ilhali hutembea peke yake kila asubuhi. Naamini atanufaika sana. Kutembea kunausaidia moyo, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye pia, angalau siku 3 kwa wiki, mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara ili wasianguke. Na hayo, kama vile kuinuka kitini bila kushika popote, ni salama zaidi mbele ya mwalimu anayeliona goti likianza kutetemeka. Tena asipofika, wenzake watamuulizia. Akiwa na presha, amwone daktari kwanza.