Chifu au wakili

Swali lenu la wiki hii nimelisoma nikiwa dukani hapa Langoni, Lamu: "Kijana akishaitwa chuo kisha asiripoti kwa wakati, kosa ni la mzazi, la kijana au la serikali?" Mi jibu nilikuwa nalo papo hapo, la kijana! Simu anayo, bando hakosi, na barua ya chuo siku hizi hata haiji kwa posta, ni kuingia mtandao wa chuo uweke namba yako ya indeksi ya KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, unaishusha kwa simu umelala kitandani. Sa kinachokushinda ni nini?

Nilitaka kuandika hayo tu niishie hapo. Lakini nimekumbuka ya mpwangu.

Alifanya KCSE 2022, akapata C plas, KUCCPS, wale wa serikali wanaogawa nafasi za vyuo, wakampa chuo kimoja huko bara, sikitaji. Wao ndio kundi la kwanza la ule mfumo wa ufadhili wa wanafunzi wa vyuo ulioanza 2023, kwa hivyo nyumbani ilikuwa ni karo karo karo, hakuna aliyeuliza jengine. Dadangu yuko Siyu, kisiwa cha Pate, mumewe mvuvi, na ile fomu ya mkopo yataka ujaze mapato ya mzazi kwa mwezi. Mvuvi wa Siyu, kwa mwezi gani jamani? Wa kusi au wa kaskazi? Wakajaza walivyojua, hilo likapita.

Lililotukalia shingoni ni karatasi moja. Barua ilikuja na kurasa chungu nzima, fomu ya daktari, fomu ya kukubali nafasi, picha za paspoti, kopi za cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, na moja ya mzazi ambayo chini yake imeandikwa sahihi na muhuri wa chifu au wakili. Mimi mjomba mtu nikasema hapa ni chifu, na chifu wa kwao, asiende mtu bara na karatasi tupu akarudishwa.

Kuripoti ilikuwa Jumatatu. Ijumaa asubuhi dadangu na mwanawe wakaenda kwa chifu wakaambiwa ametoka na boti ya alfajiri, ana mkutano Mokowe, bara ng'ambo ya Lamu. Nikawaambia kwa simu njooni, tutampata huku huku. Wakashika pikipiki hadi gati ya Mtangawanda, wakapanda boti, na kufika Mkanda ni bamvua, maji yamekupwa vibaya. Kwa asiyepajua, Mkanda ni ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, maji yakitoka boti kubwa haipiti, yakaa juu ya matope na mikoko kushoto na kulia. Nahodha akazima mashini, "Ngojani mai yayae." Wakangoja masaa mawili na zaidi, jua la utosi, nahodha analalamika swala ya Ijumaa inampita, dadangu bahasha ameikumbatia kifuani kaifunga kwa mifuko miwili isirowe. Upande wa pili kulikuwa na boti nyengine yangoja vilevile yaelekea Pate. Maji yalipojaa boti zikapishana, watu wakapungiana mikono, na mzee mmoja aliyejitanda kikoi kichwani kwa jua akawapungia pia.

Ndiye chifu! Mkutano uliahirishwa, akageuza zake nyumbani.

Usiku ule walilala kwangu, na hapa ndipo pananiuma. Kijana akaniambia kwa adabu zake, "Mjomba, hapa yasema chifu *au* wakili. Mawakili si wako hapa hapa Lamu? Kesho asubuhi twamaliza." Nikamwambia we usijifanye wajua, wakili ataka pesa, chifu ni bure. Bure! Jumapili wakarudi Siyu na nauli zao, chifu akawagongea muhuri nyumbani kwake bila tatizo lolote, mtu muungwana na chai akawapa, ila pedi ya wino ilikuwa imekauka. Jumatatu, siku yenyewe ya kuripoti, ndio kwanza wako kwenye boti. Jumanne basi la alfajiri la Mokowe, Witu, Gamba, Garsen, Malindi mpaka Mombasa, usiku basi jengine, Jumatano asubuhi ndio anaingia geti la chuo.

Karani akapokea fomu ya daktari, akapokea kopi, akatazama risiti ya benki. Ile ya chifu akamrudishia, "hii kaa nayo." Hosteli zilikuwa zimejaa tangu jana yake. Muhula mzima wa kwanza alilala chini kwenye chumba cha kijana wa Faza, na hajawahi kunilaumu, nafikiri ingekuwa nafuu angenilaumu.

Kwa hivyo nabadilisha jibu. Kosa ni la mzazi, na wajomba tuingizeni humo humo, sisi tuliokulia kwenye foleni za mihuri tukadhani karatasi bila wino si karatasi. Serikali nayo haitoki, manake huo mkopo watu wanaombea mtandaoni, sa muhuri wa kuufuata kwa boti wa nini?

Ingawa... barua ile ilikaa kwenye simu yake karibu wiki tatu kabla hajatwambia kuna fomu ya kujazwa. Nilipomuuliza akasema alidhani kurasa za nyuma ni maelezo tu. Kwa hivyo na yeye simtoi kabisa, kidogo limo. Na huenda chuo chengine hiyo karatasi wanaitaka kweli, msije mkanilaumu, pigeni simu muulize.

Alipokuja likizo ya Disemba alinipa ile fomu, hakusema kitu, aliiweka tu juu ya kaunta. Ninayo kwenye droo ya duka mpaka leo, na huo muhuri hata ukiuinua kwenye mwanga herufi zinazosomeka ni tatu.